Mbona Hadithi Imeanzia Mwishoni?

Mwezi wa Juni mwaka 2019 nilikuwa nimeketi nyuma kabisa ya darasa la Kidato cha Tatu, katika shule moja ya kutwa magharibi mwa nchi, fomu ya tathmini mapajani na kalamu mkononi. Kilichonipeleka huko ni kazi ambayo hutupeleka wahadhiri wengi vijijini kila mwaka, yaani kuwakagua wanafunzi wetu wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Aliyesimama mbele ya darasa alikuwa binti niliyemfundisha mwenyewe. Alikuwa amejiandaa barabara. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilinifikia bila taabu, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Aliandika kwamba muundo ni mpangilio na mtiririko wa matukio katika kazi ya fasihi. Wanafunzi wakanakili. Akaorodhesha aina za miundo: wa moja kwa moja, wa urejeshi, rukia, hadithi ndani ya hadithi. Wakanakili. Kitabu kilichokuwa juu ya madawati yao ni Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei ambayo wakati huo ilikuwa ikitahiniwa katika KCSE.

Kijana mmoja wa safu ya dirishani akainua mkono. "Mwalimu, mbona hadithi imeanzia mwishoni? Nyumba imekwisha kuungua, watu wamekwisha kufa, ndipo sisi tunaanza kusoma."

Mwalimu wake alinitupia jicho, kisha akatazama saa. "Hilo ni swali zuri," akasema, "lakini halitahiniwi. Andika: kisengere nyuma." Wenzake wakacheka kidogo, naye akaketi akaandika.

Hapo ndipo kalamu yangu iliposita. Fomu ile ilikuwa na kisanduku cha umilisi wa mada, na kwa kanuni tunazozifuata binti huyu alistahili alama nzuri, maana kila alichokiandika ubaoni kilikuwa sahihi. Msomaji asidhani kwamba namlaumu. Jibu alilompa yule kijana nililijua nasaba yake, baba yake na babu yake, kwa sababu mimi ndimi niliyemfunza.

Miaka miwili kabla ya siku ile, mwaka 2017, niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu muundo wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Wengi wa wasomaji wa safu hii wanakijua kitabu hicho. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuleta elimu ya sheria katika nchi ya Kusadikika. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda pande mbalimbali, wakarejea na maarifa ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Insha nilizoletewa zilifanana kama punje za muhindi mmoja. Takribani zote zilianza na fasili ya muundo, zikataja hadithi ndani ya hadithi, zikataja mwanzo, kilele na suluhisho, zikafunga mlango.

Insha ya binti huyu haikuwa na istilahi hata moja. Aliandika kwamba alipomsoma mjumbe wa kwanza alimwonea huruma. Alipofika kwa wa tatu alichoka, akatamani kuruka kurasa. Lakini alipofika kwa wa tano uchovu ule ulikuwa umegeuka hasira, kwa kuwa kabla hata hajaendelea alikwisha kujua kwamba mtu huyu naye atarudi na heri mkononi na kutiwa gerezani. Kisha akauliza swali: je, hivyo sivyo Karama alivyotaka baraza lijisikie? Mtu mmoja akionewa, mfalme aweza kusema kwamba ni bahati mbaya. Wakionewa sita, kwa namna ile ile, bahati imekwisha, imebaki serikali.

Nilimpa alama 9 kwa 20. Pembeni, kwa wino mwekundu, nikaandika: "Istilahi ziko wapi?"

Hakuja kulalamika. Muhula uliofuata insha zake zilijaa istilahi pomoni, nami nikampa 15, mara nyingine 16, nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimemnyoosha. Sasa nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lake nikiyatazama matunda ya kunyoosha kwangu, na matunda hayo yalikuwa yakipandwa upya katika vichwa arubaini na zaidi.

Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kwa nini mtu aliyesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, tena mpenzi wa hadithi tangu utotoni, aliisoma insha ile asiione. Jawabu moja ni uvivu wa msahihishaji. Jina ni rahisi kulihesabu. Ukiwa na rundo la karatasi mezani na siku za kurejesha alama zinakwisha, istilahi inaonekana kwa mbali kama mnara wa msikiti. Fikra huna budi kuitafuta ndani ya vichochoro. Jawabu la pili ni malezi. Mimi mwenyewe ni zao la mfumo wa 8-4-4, na nilipokuwa nikijiandaa kwa KCSE katika miaka ya 1990 tulikariri miongozo kuliko tulivyosoma vitabu vyenyewe. Mwongozo ulikuwa mwembamba, ulikuwa na vichwa vya habari vilivyopigiwa mistari, na ulikuwa umekwisha kutufanyia kazi ya kufikiri. Wenzetu wa Tanzania nao wana majina yao, msago, rukia, kioo, na huko pia nimeona mwanafunzi akitaja jina kisha akaweka nukta, kama tabibu anayekutajia ugonjwa wako halafu akavaa koti lake akaenda nyumbani.

Hata ule mlima tunaouchora ubaoni, wenye mwanzo bondeni, kilele juu na suluhisho upande wa pili, una historia ambayo wanafunzi wetu hawaambiwi. Mjerumani Gustav Freytag aliuchora katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu ufundi wa tamthilia. Alikuwa akizungumzia mchezo wa jukwaani wa maonyesho matano, na mifano yake aliitoa kwa Wayunani wa kale, kwa Shakespeare na kwa Wajerumani wenziwe. Mlima ule ukahamishwa kutoka jukwaani hadi kwenye hadithi fupi, kutoka hadithi fupi hadi riwaya, hadi ukafika katika vyumba vyetu vya madarasa bila cheti cha kuzaliwa. Leo utamwona mwanafunzi anakitafuta kilele katika Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1990 kilichoandikwa na mtu aliyekusudia waziwazi kuivunja milima ya namna hiyo. Asipokipata anakibuni. Nimewahi kusoma insha tatu kuhusu kitabu hicho kimoja, kila moja ikiwa na kilele chake, na zote nilizipitisha.

Basi nifundishe nini badala yake? Nilirudi katika taaluma yangu mwenyewe, na nikakuta kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekalia dhahabu huku nikiomba senti. Mwaka 1967 wanaisimu wawili wa Marekani, William Labov na Joshua Waletzky, walichapisha makala kuhusu masimulizi ya mdomo ya watu wa kawaida, watu wanaosimulia yaliyowapata wenyewe. Waliuliza swali dogo mno. Ni kitu gani kinachoyafanya maneno ya mtu yawe simulizi? Jawabu lao lilikuwa katika mpangilio: kuna vishazi ambavyo ukivibadilishia nafasi, kisa nacho kinabadilika. Sisi Waswahili twaweza kuuona ukweli huo kwa maneno mawili tu. Sema "alicheka akaanguka," kisha useme "alianguka akacheka." Maneno ni yale yale, mtu ni yule yule. Katika la kwanza kicheko kimemwangusha. Katika la pili ameanguka na anaficha aibu, au labda ni mtu mwenye moyo mkunjufu. Hakuna neno lililoongezwa. Kilichohama ni nafasi.

Anayetufanyia kazi hiyo ni -ka-, kiambishi ambacho kila mtoto aliyewahi kusimuliwa hadithi na nyanya yake anakijua kabla hajajua kusoma. Kiambishi hiki hakina wakati wake chenyewe. Kinaegemea kitenzi kilichotangulia, kinashika mkia wake na kusonga mbele: alitoka, akaenda, akakuta, akauliza. Maadamu msururu wa -ka- unaendelea, msomaji anajua kwamba saa ya hadithi inakwenda mbele. Msimulizi akitaka kurudi nyuma hana budi kuukata msururu huo, naye huukata kwa namna zinazoonekana kwa macho: alikuwa amekwenda, alikuwa amekwisha kuuza, siku aliyoondoka. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kujua mahali ambapo mwandishi ameigeuza saa hahitaji mwongozo. Anahitaji penseli azungushie vitenzi. Mahali msururu unapokatika, hapo pana mkono wa mwandishi, na hapo ndipo pa kuuliza: kwa nini amekata hapa, asikate ukurasa uliotangulia?

Nitatoa mfano mdogo ninaoutumia darasani, ambao nimeutunga mwenyewe na hauna madai yoyote ya ubora. Mzee mmoja aliuza ng'ombe wake wa mwisho, akampa mwanawe karo. Kijana akafika mjini, akazila pesa zile na marafiki, akaacha masomo, akawa kila mwezi anaandika barua za kuyasifu masomo hayo hayo. Mwaka wa nne mzee akasikia kwamba siku ya mahafali imefika, akavaa koti lake la harusi, akaenda.

Sasa tugeuze. Mzee mmoja alivaa koti lake la harusi, akapanda basi la alfajiri kwenda kwenye mahafali ya mwanawe. Akaketi chini ya hema pamoja na wazazi wengine. Majina yakasomwa, yakaisha. Akamwomba mama aliyeketi karibu naye amtazamie tena katika kijitabu cha ratiba, huenda jina limerukwa. Halikuwamo. Kijana alikuwa ameacha masomo miaka mitatu kabla ya siku ile, na pesa za ng'ombe alikuwa amezila na marafiki.

Katika masimulizi ya kwanza msomaji amekwisha kuujua usaliti kabla mzee hajalishika koti. Koti linatuuma pale pale linapovaliwa; tunatamani kumkimbilia kituoni tumzuie asipande basi. Katika ya pili tumeketi naye hemani na ujinga wetu ni sawa na wake. Pigo linatupata pamoja naye, na koti linatuuma baadaye, tunapolikumbuka. Darasani huwa nauliza ni ipi iliyo bora, na mabishano huwa makali. Mwaka mmoja mwanafunzi mtulivu, asiyezoea kusema, alisema kwamba hizo si namna mbili za kusimulia kisa kimoja. Ya kwanza ni hadithi ya kijana na ya pili ni hadithi ya mzee. Sina hakika kwamba ningeweza kulieleza jambo hilo vizuri zaidi, ingawa nalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Hapo sasa twaweza kumjibu yule kijana wa dirishani. Chozi la Heri inamfungua Ridhaa akiwa amesimama penye magofu ya yaliyokuwa maskani yake, baada ya ghasia za uchaguzi, jamaa zake wakiwa wamekwisha kuteketea. Yote mema ya maisha yake, ndoa, watoto, udaktari, nyumba, yanatujia kwa kumbukumbu. Tuseme tungeyahamisha yakae kwa mujibu wa kalenda. Tungeanza na neema, tukaenda taratibu hadi kwenye moto, na muda wote msomaji angekuwa na swali moja rohoni: je, wataokoka? Mwandishi ametunyima swali hilo. Kwa kutupa vifo kwanza, amelizima tumaini la wokovu na kutuachia swali jingine, zito zaidi kwa nchi iliyoyaona yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007: imekuwaje? Imekuwaje jirani aliyeishi nawe miaka yote hiyo akawa ndiye anayeleta moto? Swali hilo haliwezi kuulizwa vizuri na msomaji ambaye bado anaomba watoto wapone. Kusema "mwandishi ametumia kisengere nyuma" ni kweli, na ni kama kusema mjenzi ametumia mawe.

Au tuchukue Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, kitabu ambacho vizazi kadhaa vya Wakenya wanakipenda. Asiyekisoma na anisamehe kwa kumfumbulia siri. Msanifu Kombo anasimulia kwa kinywa chake mwenyewe jinsi alivyotoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui, na jinsi baba huyo alivyokuja kudhihirika kuwa ni mzee ambaye alikwisha kukutana naye asimtambue. Wanafunzi wangu wote huandika kwamba usimulizi wa nafsi ya kwanza umetumika. Wachache mno huona ajabu iliyopo. Anayesimulia amekwisha kujua baba yake ni nani. Anayetembea njiani hajui. Na wote wawili ni mtu mmoja. Msimulizi angeweza kutuambia katika ukurasa wa kwanza. Anatunyima kwa makusudi, anatufanya tupite mbele ya mzee yule kwa macho yale yale ya kutojali ambayo yeye mwenyewe alimpitia. Tunapoujua ukweli, aibu ya kutomtambua inakuwa yetu pia. Nafsi ya kwanza inazo njia nyingi. Hii ndiyo aliyoichagua Walibora, na uchaguzi ndio unaostahili kuandikiwa insha.

Kwa hiyo nilibadilisha mafundisho yangu kuanzia muhula wa Septemba mwaka ule wa 2019. Sikubadilisha mengi. Nawataka wanafunzi waandike kila tukio la sura moja au mbili kwenye kipande chake cha karatasi. Kalenda kuukuu zinafaa sana kwa kazi hii, na hazina gharama. Wanavipanga sakafuni kwa utaratibu wa wakati, kuanzia lililotokea kwanza. Chini yake wanavipanga tena kwa utaratibu wa kitabu. Kisha tunasimama tukitazama safu hizo mbili. Palipo na tofauti tunachagua kipande kimoja tu, tunakihamishia mahali pengine, na kila mtu anaandika sentensi mbili: msomaji angejua nini mapema zaidi, na angepoteza nini. Hakuna anayeruhusiwa kutaja jina la mbinu yoyote hadi sentensi hizo ziishe. Siku ya kwanza palikuwa na kimya cha kutisha. Vijana waliozoea kujibu kabla swali halijaisha walikaa wakitazama sakafu kama watu waliodondosha pete.

Jambo la pili nililofanya lilinichukiza hata mimi kwa siku za kwanza. Nilikipiga marufuku kitenzi "kutumia" kwa mwezi mzima. Mwandishi ametumia taharuki, mwandishi ametumia takriri, mwandishi ametumia sura kumi: kitenzi hiki kinameza kila kitendo cha mwandishi na kukitema kikiwa hakina umbo. Nikawaambia wasake vitenzi vinavyosema mwandishi anafanya nini hasa na saa yake na msomaji wake. Anachelewesha. Anaficha. Anafichua. Anakawiza. Anaharakisha. Anaruka miaka saba kwa aya moja. Anarudia, anakatiza, anadokeza, anatuaminisha jambo kisha anatunyang'anya. Lugha yetu, kwa neema yake ya viambishi vya kufanyisha na kufanyia, ina utajiri wa vitenzi vya namna hii ambao lugha nyingi zingeuonea kijicho. Haya mimi nilikuwa nikiyafundisha asubuhi katika somo la mofolojia, na alasiri, katika somo la fasihi, nikiwaacha wanafunzi wale wale waishi kwa kitenzi kimoja.

Tazama tofauti inavyokuwa katika maandishi. Mwanafunzi mmoja aliniletea aya hii mwanzoni mwa muhula: "Mwandishi wa Kusadikika ametumia muundo wa hadithi ndani ya hadithi. Pia ametumia takriri, kwa mfano wajumbe sita wanatumwa na wote wanafungwa. Hii inafanya kazi ivutie." Nilimrudishia na swali moja tu, ambalo ni je, habari za wajumbe zingesimuliwa bila kesi, zingekuwa nini? Baada ya juma moja aliandika: "Bila kesi ya Karama, safari za wajumbe zingekuwa visa sita vya kusafiri. Shaaban Robert anaviingiza mahakamani, na kila kisa kinageuka ushahidi. Ndiyo maana havumilii kupunguza hata mmoja: mtetezi anayepigania shingo yake hapunguzi mashahidi." Neno "hadithi ndani ya hadithi" halimo katika aya ya pili, na laiti lingekuwamo lisingeidhuru. Mimi siyadharau majina. Bila istilahi hatuwezi kuzungumza sisi kwa sisi, na mtu wa isimu anayezikejeli istilahi anakata tawi alilokalia. Ninachotaka ni jina lije baada ya kuona, kama mtoto anavyopewa jina baada ya kuzaliwa.

Walimu wenzangu wa shule za upili wana hoja nzito dhidi yangu, nami nilizisikia kwa mara ya kwanza siku ile ile ya Juni, chini ya mwembe, baada ya kengele. Nilimuuliza binti yule kama anaikumbuka insha yake ya Kusadikika.

"Ile ya tisa, Daktari?"

Nikamwambia ndiyo, ile ya tisa, na kwamba kuna aliyekosea katika insha ile.

"Najua. Sikuweka istilahi."

"Aliyekosea ni mimi," nikasema.

Alinyamaza kwa muda, akakunja andalio lake la somo mara mbili, akalikunjua. Kisha akauliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali: "Na mtihani je, Daktari? Nikiwafundisha kuona, halafu msahihishaji akatafuta jina?"

Sikuwa na jibu la kujigamba. Karatasi ya Tatu ina alama 80 kwa saa mbili na nusu. Mtahiniwa anajibu maswali manne ya alama 20 kila moja, yaani anayo dakika 37 na ushei kwa swali, na msahihishaji anayemngojea upande wa pili naye ana rundo lake na mwongozo wake wa kusahihisha, kama nilivyokuwa mimi. Mtoto wa mkulima ambaye karo yake imetoka kwa ng'ombe wa kweli hana ruhusa ya kuzifanyia majaribio alama zake. Nilichoweza kumwambia ni kwamba jina linachukua neno moja tu katika jibu, na mtahiniwa anaweza kulitaja kisha akaendelea kwa sentensi inayosema limefanya kazi gani. Alama ya jina hataikosa, na msahihishaji mwenye macho atampa na ile ya pili. Hii ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki iko kwetu sisi tunaotunga maswali, tunaosahihisha na tunaowafunza walimu, na katika orodha hiyo jina langu limo mara zaidi ya moja. Maadamu tunauliza "taja na ueleze," tutaletewa vilivyotajwa. Tungeuliza siku moja, "kwa nini sura ya kwanza haikuwa ya tatu?", miongozo yote ya madukani ingenyamaza kwa mwaka mzima.

Nilimwomba anialike tena siku ya Alhamisi, nje ya ukaguzi, bila fomu. Alifungua kipindi kwa kumsimamisha yule kijana wa dirishani na kumtaka arudie swali lake. Kijana alidhani anaadhibiwa, akasema amelisahau. Wenzake wakamkumbusha. Basi mwalimu akaliandika ubaoni kama lilivyoulizwa, pamoja na "mbona" yake, akawapa dakika 15 wajibu kwa maandishi bila kufungua daftari walilonakili fasili.

Jioni alinionyesha karatasi kadhaa. Nyingi zilikuwa na mistari miwili mitatu, na moja ilikuwa na fasili ya kisengere nyuma, neno kwa neno. Ya yule kijana ilikuwa fupi na yenye makosa mawili ya tahajia. Aliandika kwamba kama hadithi ingeanza na wakati wa raha angekuwa anawaombea watu wale wasife, lakini kwa kuwa amekwisha kujua kwamba wamekufa, hana tena wa kumwombea, na kila jirani anapotajwa yeye anamtazama jirani.

"Ungempa ngapi kwa ishirini, Daktari?" akaniuliza.

Nikamwambia asiniulize mimi, nikamrudishia karatasi ile pamoja na kalamu.